Hati ya Makabidhiano ya Mbwa Mmoja wa Kahawia

Anayewajibika ni jirani yangu wa upande wa mashariki. Naliandika hili mwanzoni kabisa ili msomaji asiye na muda wa kufika mwisho aondoke na jambo la msingi: mbwa alitoka kwake, minyoo ilitoka kwake, na neno "amepewa" lilitoka kinywani mwake, mchana, mbele ya mke wangu, nami nikiwa na kalamu mkononi.

Mimi ni mstaafu. Kwa miaka zaidi ya thelathini nilifanya kazi masjala, katika ofisi ya serikali ambayo hapa haina haja ya kutajwa. Watu wengi hudhani kwamba kazi ya masjala ni kupanga karatasi kwenye makabati. Kazi ya masjala ni kuhakikisha kwamba aliyesema jambo leo hawezi kesho kutwa kusema hakulisema. Nilipostaafu nilihamia Chanika, kwenye kiwanja nilichokinunua enzi ambazo wenzangu ofisini waliniuliza kama nimenunua kiwanja au pori, na nilihamia pamoja na tabia zangu. Nyumbani kwetu kuna jalada la maji, jalada la umeme na jalada la kuku wa mke wangu. Yote yapo kwenye kabati moja la chuma, na ufunguo ninao mimi.

Jirani huyo ni Mzaramo, mwenyeji wa pale tangu kwa babu zake. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Kwa hiyo sisi ni watani, maana yake ni kwamba ana haki ya kuniambia lolote, mahali popote, nami sina haki ya kukasirika. Siku tulipomzika mama yangu mzazi, jirani aliingia kaburini kabla ya jeneza, akajilaza chali, akatangaza kwamba hatoki mpaka Wanyamwezi wampe jogoo. Akapewa jogoo. Dada zangu, waliokuwa wakilia tangu alfajiri, walicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nayataja haya ili ijulikane kwamba sina chuki naye binafsi, na kwamba ninapomtaja kuwa mhusika ninasukumwa na kumbukumbu zilizopo tu.

Tulihitaji mbwa kwa sababu ya kicheche. Alikuwa akija bandani na kuondoka na vifaranga wa mke wangu, na jalada la kuku lilikuwa limejaa maingizo ya aina moja tu. Jirani naye alikuwa na mbwa asiyemhitaji tena. Alimfuga shambani kwake kulinda mihogo dhidi ya ngedere, shamba akaliuza, na mke wake, mama wa swala tano, akasema mbwa huyo hakanyagi ua wake. Mbwa mwenyewe alikuwa wa rangi ya kahawia, mwenye sikio la kushoto lililokatika ncha. Alikuja na jina ambalo sikulisajili kwa kuwa halikuwa la heshima.

Makabidhiano yalifanyika kwenye mpaka wetu, penye ua wa minyaa. Jirani aliamini kwamba angenitupia kamba tu na kwenda zake. Nilimwomba asubiri, nikaleta kiti, ubao wa kuandikia na hati niliyokuwa nimeiandaa tangu asubuhi.

"Mnyamwezi," alisema, "unapewa mbwa au unapewa wilaya?"

"Umri," nilisema.

"Mwaka mmoja na kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu ni kitu. Andika kitu."

Niliandika: mwaka mmoja na miezi kadhaa. Nikauliza kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Hapo jirani alinishangaza, kwani alitoa karatasi mfukoni, yenye muhuri, ya siku ile wataalamu walipokuja kuchanja mbwa wa kata yetu. Niliiambatisha. Nakiri kwamba karatasi ile ilinilegeza. Mtu mwenye karatasi moja ya kweli huaminika hata kwa yale asiyo na karatasi yake.

"Dawa ya minyoo?" niliuliza.

"Amepewa."

"Lini?"

"Jana. Kwa kahawa na kashata. Minyoo ikatoka, ikaniaga vizuri, ikashika njia ya Tabora."

Mke wangu alicheka mpaka akashika nguzo ya banda. Mimi niliandika: Dawa ya minyoo, amepewa, jana. Jirani alisaini upande wa mkabidhi bila kusoma. Nami nilisaini upande wa mpokeaji, chini ya maneno niliyoyatunga mwenyewe: "Nimempokea akiwa katika hali nzuri." Jirani alikuwa ameshatawadha, kwa hiyo kamba aliirusha juu ya minyaa, nikaidaka.

Siku za mwanzo hazikuwa na dosari. Kicheche alikuja mara moja, akakaribishwa ipasavyo, hakurudi. Mbwa alikula kila alichopewa, na tumbo lake likawa la mviringo kama mpira.

"Mwone alivyoshiba," mke wangu alisema kwa fahari. "Huko kwa mtani wako alikuwa anashindia makumbi ya nazi."

Niliona kwamba mbavu zake zilihesabika huku tumbo limefura, na kwamba mambo hayo mawili hayaendani, lakini hati ilisema hali nzuri, nami niliiamini hati. Asubuhi ya siku ya sita tulikuwa barazani tukinywa chai. Mke wa jirani, ambaye katika suala hili hana hatia yoyote, alikuwa ametuletea sahani ya tambi za nazi zenye iliki. Mbwa alikuja mbele yetu, akakohoa, akainamisha shingo, na kutapika juu ya sakafu.

Mke wangu aliangalia sakafu. Akaangalia sahani. Akaangalia tena sakafu.

"Mume wangu," alisema taratibu, "hizi za chini zinatembea."

Sijala tambi tangu siku hiyo, ingawa nimeendelea kumshukuru mama yule kila anapozileta.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili halikuwa dogo. Binti yetu anaishi Segerea. Ana mtoto wa kike wa miezi tisa, mjukuu wetu wa kwanza, na dada aliyekuwa akimsaidia kulea alikuwa amerudi kwao. Ilikubaliwa kwamba baada ya wiki tatu mama na mtoto wangekuja kukaa kwetu mwezi mzima. Nilikuwa nimekwisha kufungua jalada la ujio huo. Nilikuwa pia nimelainisha kwa msasa miguu ya meza zote za sebuleni, kazi ambayo hakuna aliyeniagiza. Mke wangu, ambaye hajui kuficha jambo hata likiwa na muhuri wa siri, alimpigia binti simu siku hiyohiyo. Dakika tano baadaye simu ikaletwa kwangu.

"Shikamoo baba. Mama ameniambia."

"Marahaba. Amekuambia nini?"

"Minyoo."

"Suala linashughulikiwa."

"Baba, mtoto anatambaa. Kila anachookota kinaingia mdomoni. Jana nimemkuta na kandambili ya baba yake."

"Linashughulikiwa, mwanangu."

"Sawa. Ila siji mpaka bwana mifugo aseme mbwa ni msafi. Aseme yeye, siyo wewe."

Sentensi hiyo ya mwisho niliona haikuwa ya lazima.

Bwana mifugo wa kata alikuja kesho yake kwa pikipiki. Ni kijana mwenye adabu, aliyeanza na shikamoo kabla hajavua kofia. Alimtia mbwa kwenye gunia, akalining'iniza kwenye boriti ya banda la kuku kwa mzani wa kupimia mahindi, na mbwa akaning'inia humo akitutazama kama mjumbe aliyeitwa kwenye kikao bila kuelezwa ajenda. Kisha aliuliza historia ya mnyama. Nilimkabidhi jalada la mbwa. Alisoma ukurasa wa kwanza, akausoma tena.

"Mzee, hapa pameandikwa amepewa dawa jana. Dawa gani?"

"Sikuuliza."

"Na hapa, hali nzuri. Nani alimkagua?"

"Mpokeaji."

"Mpokeaji ndiyo nani?"

"Ni mimi."

Kijana alikohoa kidogo, akafunga jalada kwa heshima na kunirudishia kwa mikono miwili.

Alitueleza kwa lugha nyepesi. Minyoo ya namna ile watoto wa mbwa huipata kwa mama yao, na mayai yake hukaa kwenye udongo muda mrefu. Dawa huwaua waliomo tumboni leo. Wadogo wao, ambao bado wanazunguka mwilini, hufika tumboni baadaye, ndiyo maana dozi ya pili hutolewa baada ya wiki mbili. Kinyesi kiokotwe kila siku na kufukiwa kwenye shimo refu, mikono ioshwe kwa sabuni, na wiki moja baada ya dozi ya pili atachukua kinyesi akapime. Niliyaandika yote. Mwandiko wangu katika ukurasa ule ni mzuri sana, mtu yeyote anaweza kuja kuuona.

Kidonge cha kwanza tulikificha kwenye tonge la ugali kwa dagaa. Mbwa alikula ugali, akala dagaa, akakiweka kidonge juu ya kiatu changu. Mke wangu alinisogeza pembeni, akakitia ndani ya ini la kuku lililochemshwa, na mbwa akalimeza bila kutafuna.

"Tatizo lako," aliniambia, "unampa kama unampelekea barua ya uhamisho."

Jioni hiyo nilimwandikia jirani barua. Ilikuwa na kichwa: "Yah: Taarifa isiyo sahihi kuhusu mbwa." Ilikuwa ya aya nne, yenye adabu, ikimtaka aeleze ni kwa msingi gani alitamka kwamba dawa ilitolewa. Niliipeleka mwenyewe mpaka kwenye minyaa. Aliisoma papo hapo, kwa sauti, kama anayetoa hotuba ya Ijumaa, na majirani wawili wakasimama barabarani kusikiliza. Alipomaliza aliikunja vizuri.

"Mnyamwezi. Tangu lini maneno ya mtani yakaingizwa kwenye faili?"

"Ulisema amepewa. Ukasaini."

"Nikasema pia minyoo imeshika njia ya Tabora. Hiyo umeiandika?"

"Sikuiandika."

"Kwa nini hukuiandika?"

"Kwa sababu ilikuwa utani."

"Kumbe ulijua!" alisema jirani, akawageukia wale wawili wa barabarani. "Mnamsikia? Alijua. Maneno yangu yote yametoka kwa pumzi moja. Yeye akakata, nusu ya kuandika, nusu ya kucheka. Babu zake walibeba mizigo ya watu kutoka bara mpaka huku pwani bila kudondosha hata pembe moja, yeye kashindwa kubeba sentensi moja nzima!"

Nilimjibu kwamba Wazaramo wangepunguza ngoma, wangepata muda wa kununua dawa. Lilikuwa jibu dhaifu, nalijua. Nilirudi nyumbani nikaandika jaladani kwamba mkabidhi amejibu kwa mdomo, na jibu lake halikuridhisha.

Siku zilizofuata nilitekeleza maagizo kikamilifu. Nilichimba shimo nyuma ya migomba. Kila asubuhi nilizunguka ua na koleo, na kila nilichokiokota kiliingizwa kwenye orodha kwa siku, saa, mahali na maelezo mafupi. Mke wangu aliiita orodha hiyo kwa jina ambalo nalo sikulisajili. Kuanzia siku ya nne baada ya dawa maelezo yalikuwa "hakuna kinachotembea." Kufikia siku ya kumi tumbo lilikuwa limesinyaa, mbavu zimeanza kufunikwa, manyoya yanang'aa. Mbwa alikuwa ameanza pia kunifuata kila nilipokwenda na kulala juu ya miguu yangu nilipokuwa nikiandika, jambo ambalo sikulikataza.

Siku hiyo ya kumi niliandika kwenye jalada: "Suala limekamilika." Nikalifunga kwa uzi, nikalirudisha kabatini, nikafunga kabati.

Hapa sina budi kueleza utaratibu wa masjala. Jalada ambalo bado lina kazi mbele yake huandikwa juu yake tarehe ya kuletwa tena. Tarehe hiyo ikifika, karani hulitoa na kulipeleka mezani, hata kama dunia nzima imelisahau. Jalada lisiloandikwa tarehe hiyo ni sawa na lililozikwa. Kwa miaka yote ya utumishi wangu niliwakaripia makarani vijana kwa kosa hilo moja. Mmoja nilimkaripia mpaka akaomba kuhamishwa. Na jalada la mbwa, nililolifunga kwa mkono wangu siku ya kumi, halikuwa na tarehe.

Ilipobaki siku moja binti awasili, nilimwita bwana mifugo ili aje atamke maneno yanayotakiwa. Alimpapasa mbwa tumboni, akatabasamu.

"Yuko vizuri, mzee. Dozi ya pili mlimpa siku gani?"

Mbwa alikuwa akipiga mkia sakafuni.

"Jumapili nilimkumbusha," mke wangu alisema, bila kuniangalia. "Akaniambia jalada limefungwa."

Alikuwa amenikumbusha. Na nilimjibu hivyohivyo.

Kijana hakunicheka, na hilo lilikuwa zito zaidi. Alitoa kidonge kwenye begi lake, mke wangu akaleta ini, dozi ikatolewa pale pale ikiwa imechelewa siku sita. Kipimo kikasogea mbele. Nilimpigia binti mwenyewe, kwa kuwa niliona si haki kumtuma mama yake.

"Kwa hiyo tuje wiki ijayo," alisema.

"Wiki ijayo."

"Haya baba. Mtoto haendi popote."

Lakini alikwenda. Siku ya Jumatano ya wiki ile, sebuleni kwao Segerea, mjukuu wangu alijishika kwenye kiti cha plastiki, akainuka, kisha akaachia mikono yote miwili na kusimama dede. Ilirekodiwa. Mke wangu ananifungulia kwenye simu yake kila ninapomwomba, na naomba mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mtoto anasimama, anayumba, anatazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine, anaketi kwa kishindo. Pembeni sauti ya mwanamke inasema "Dede! Dede! Haya, dede!" na makofi yanapigwa. Niliuliza ni nani huyo. Ni mama muuza mchicha, alikuwa amepita tu na ungo wake.

Kipimo kilitoka safi. Bwana mifugo alitamka maneno yanayotakiwa, kwenye simu, moja kwa moja kwa binti yangu. Walikuja Jumamosi. Binti alikagua ua kwanza, akakagua shimo, akakagua sabuni, ndipo akamshusha mtoto sakafuni. Mtoto alitambaa akipita miguu ya meza zangu zilizolainishwa bila kuzijali, akanifikia, akavuta suruali yangu na kusimama akiwa ameishikilia. Hakuiachia. Nimeshaambiwa kwamba kuishikilia suruali ya babu hakuhesabiki.

Jirani alikuja kusalimia. Alisimama mbali na mbwa, na mbwa, ambaye bado anamkumbuka, alitaka kumkumbatia.

"Mzuie afisa wako," alisema. Kisha akamwinamia mtoto. "Bibi mdogo, pole. Umesimama, babu yako hayupo. Alikuwa kabatini na jalada lake."

Binti yangu alicheka, mama yake akacheka, na mtoto, kwa kuona wakubwa wanacheka, akacheka pia. Mimi nilikwenda kufungua kabati.

Kwa kuwa kumbukumbu lazima zinyooke, na kwa kuwa maneno niliyoyaanza nayo hapo juu ni ya kweli lakini si kamili, ninatoa madai yafuatayo. Ninamtaka jirani wa upande wa mashariki aeleze kwa maandishi, ndani ya siku saba, kwa nini alitamka kwamba dawa imetolewa ilhali haikutolewa. Maelezo yoyote yatakayoitaja njia ya Tabora hayatapokelewa.

Na ninamtaka mpokeaji wa mbwa, ambaye alisaini hali nzuri bila kukagua, akaandika nusu ya sentensi huku akiijua nusu ya pili, akafunga jalada lenye kazi bila kuliandika tarehe ya kuletwa tena, na kwa tendo hilo akamnyima babu mmoja Jumatano asiyoweza kurudishiwa, aeleze ndani ya siku hizohizo saba kwa nini asivuliwe ufunguo wa kabati na ukabidhiwe kwa mke wake, kwa hati ya makabidhiano itakayoandikwa na mtu mwingine.